Programu ya Kijivu

Wiki chache baada ya kumzika Baba, Mama alinipigia simu akaniambia niende nyumbani Pasiansi nikachukue makasha ya CD, kwa sababu chumba kinapakwa rangi na yeye hana pa kuyaweka. Nilipofungua kasha la kwanza ilitoka harufu ambayo sikuwa nimeinusa kwa miaka mingi: plastiki iliyopigwa na joto, karatasi za majalada zilizoshika unyevu wa ziwa, na kwa mbali ile spiriti ambayo Baba alikuwa akifutia CD zake kwa kipande cha fulana. Nikakaa sakafuni. Mama alikuwa jikoni, nikamsikia akifunika sufuria, na sikumwita.

Wa rika langu mtakumbuka. Sisi tulikua katikati, kaseti zikiwa zinaondoka na simu za kupangusa hazijafika. CD ilikuwa kitu cha kushikwa pembeni kwa ncha za vidole, na mtoto aliyeiwekea kidole katikati alipigwa. Nyumbani kwetu zilikuwa nyingi kuliko vyombo vya jikoni, kwa sababu Baba alikuwa mtangazaji wa redio.

Kilikuwa kituo kidogo, chumba kimoja na nusu ghorofani mjini Mwanza. Kipindi chake kilianza saa kumi jioni. Kwanza alisoma matangazo ya vifo, baada ya kila tangazo akaweka wimbo mmoja wa maombolezo, halafu zikafuata salamu na muziki wa zamani mpaka magharibi. Nyumbani Baba alikuwa mtu wa maneno machache, Mhaya aliyependa kahawa yake na kimya chake. Redioni alikuwa mtu mwingine kabisa. Nilipokuwa mdogo zaidi niliamini kuna wanaume wawili, na kwamba yule wa redioni ndiye aliyekuwa tajiri.

Mama alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule barazani kwetu, na redio ilikaa dirishani nyuma yake. Saa kumi ikifika aliongeza sauti, na mguu wake ukaendelea kukanyaga pedali kana kwamba sauti ya Baba ndiyo inayoiendesha mashine.

Mambo yalianza kubadilika nikiwa darasa la nne. Baba, ambaye hakuwahi kujali kitu kimewekwa wapi, akawa mkali kuhusu mpangilio wa nyumba. Kigoda kikihama kutoka ukutani, alifoka. Ndoo ikiachwa mlangoni, alifoka. Siku moja nilimletea chai, nikasimama ubavuni kwake nikiwa nimeinyoosha mikono na kikombe kinaniunguza, naye akaendelea kutazama mbele kama vile sipo. Nikadhani nimemkosea. Nilirudi na chai jikoni, nikamwambia Mama kwamba Baba amenikasirikia, naye akasema, "Siku hizi amemkasirikia kila mtu."

Mtaani walianza kusema ana maringo. Mama Suzi, jirani yetu wa kuuza dagaa, alikuja kulalamika. "Mama Koku, mumeo nimempungia mkono mpaka umechoka. Amenipita kama mti. Kusikika redioni ndiyo kutuona sisi takataka?" Mama alicheka, akamwombea msamaha. Lakini jioni ile ile Baba alirudi suruali ikiwa na tope hadi magotini, kiganja kimechubuka, na Mama hakucheka tena.

"Umeanguka wapi?"

"Kwenye mtaro. Pale kwenye kona."

"Mtaro ule umekuwepo tangu tuhamie hapa."

Baba alinawa mkono wake polepole. "Nilikuwa na mawazo."

"Mawazo yanauzwa kwenye chupa siku hizi?" Mama akasema, akaingia ndani. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa ugomvi wao. Haukuwa wa kelele. Mama alinusa mashati ya Baba kabla ya kuyafua. Aliacha kumwekea chakula mezani, akawa anakiacha jikoni kimefunikwa.

Katika siku hizo za baridi ndani ya nyumba ndipo ilipoletwa kompyuta. Ilikuwa imetumika tayari, ina kioo kinene kama televisheni ya zamani, na Mama aliifunika kwa kitambaa cha kufuma japokuwa alikuwa amenuna. Baba alisema anataka kuingiza CD zake zote humo, wimbo mmoja mmoja, kabla vumbi na mikwaruzo havijazimaliza. Baadaye atazipeleka kituoni, asihangaike tena kubeba makasha.

"Na wewe utanisaidia," aliniambia. "Kila siku ukitoka shule."

Nilifurahi kupita kiasi. Hakuwahi kunipa kazi yoyote ya kwake.

Fundi mitambo wa kituo chao aliitwa Deo, mwanamume mpole aliyevaa kofia mbele nyuma na kumwamkia Baba kwa kuinama kabisa. Ndiye aliyekuja kutuwekea programu za kuhamishia nyimbo. Alituonyesha tatu, akasema, "Mzee, zijaribu zote, utakayoipenda utaniambia."

Ya kwanza ilikuwa imekuja na kompyuta yenyewe. Ilifanya kazi haraka, lakini nyimbo ilizotoa zilipopelekwa kituoni, kompyuta ya kule ilikataa kuzipiga, kama mtu anayesemeshwa lugha asiyoijua. Tukaiacha.

Ya pili niliipenda kwa moyo wangu wote. Ilikuwa na rangi ya bluu na zambarau, na wimbo ukicheza, mawimbi ya taa yalicheza nao kwenye kioo. Ukiweka CD, ilitoka yenyewe kwenda kwenye mtandao, kwa ile modemu ya kuchomeka, ikarudi na majina ya nyimbo na picha ya jalada. Ilirudi na uongo pia. Kwaya moja ya kina mama kutoka Kagera iliipa jina la bendi ya Wazungu wenye nywele ndefu, pamoja na picha yao, eti kwa sababu idadi ya nyimbo na urefu wake vililingana. CD ya ngoma za Kisukuma ilishindwa kabisa, ikaandika kwamba msanii hajulikani. Baba aliponiuliza imeandika nini, nikamsomea, akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Hajulikani wapi? Mtu huyu alijaza uwanja mzima pale Bujora."

"Lakini tunaweza kurekebisha, Baba. Unasogeza mausi hapa, unabonyeza, unaandika."

"Mausi," alisema. Aliishika akaisogeza, na kile kimshale kwenye kioo kikaruka huku na huku. Alikitafuta kwa muda mrefu, uso wake umekaribia kioo mpaka pua ikagusa. Nilimwonyesha kwa kidole. "Hiki hapa, Baba." Akaiachia mausi kama mtu anayeweka chini kitu cha moto.

Ya tatu ilikuwa mbaya kuitazama. Ilikuwa ya kijivu kitupu, haina picha, haina taa, ni mistari na visanduku tu. Ilikuwa ya polepole mno. Ikikuta mkwaruzo, ilirudi na kusoma pale pale, tena na tena, huku CD ikilia ndani ya mashine kama mbu. Haikwenda kwenye mtandao kuuliza majina. Ilikuachia visanduku vitupu, uandike mwenyewe: jina la wimbo, mwimbaji, namba. Lakini kila kitu ndani yake kilifanyika kwa kibodi. Herufi hii inafungua, ile inaanza, kitufe kirefu kinasimamisha, na kile chenye mishale miwili kinakupeleka kisanduku kinachofuata. Hukuhitaji kugusa mausi hata mara moja.

Baba aliijaribu kwa muda mrefu jioni moja. Kisha akasema, "Ni hii."

"Baba! Hii haina hata picha."

"Picha za nini? Muziki unasikilizwa."

Nilinuna. Nilimwona ni mzee, ni mtu anayependa vitu vibovu kwa sababu amevizoea. Nilikwenda nikakaa kwenye jiwe nyuma ya nyumba, lile ambalo tulianika nguo, na wadudu wa ziwani wakanijaa kwenye nywele, nikalia kwa ajili ya zile taa za zambarau.

Kuanzia hapo kazi ikawa moja. Nilitoka shule, nikavua sare, nikakaa kwenye kiti kando yake. Jioni nyingine ilikuwa zamu yake redioni, tukaanza mapema kabla hajaondoka, nyingine tukafanya siku zake za mapumziko. Nilichukua CD, nikasoma jalada kwa sauti. Maandishi yale yalikuwa madogo kama mchwa, mengine meupe juu ya rangi ya chungwa. Nilisoma, yeye akaandika. Akimaliza aliniuliza, "Nimeandika nini? Nisomee." Nikimsomea, na neno likiwa na kosa, alirudi nyuma akaliandika upya.

Alikuwa mkali kwenye herufi, hasa ele na ere, ambazo sisi kwetu tulizichanganya tukizungumza na hakuna aliyejali. "Umesema Rea au Lea? Nitajie herufi ya kwanza. Kompyuta haina huruma, Koku. Ukiiandikia Rea itamtafuta Rea mpaka kesho." Nikarudia. Kila wimbo aliupa namba, na akaitamka namba hiyo mara kadhaa chini kwa chini, midomo ikicheza, kama mtu anayesali. Nyimbo za maombolezo zote zilianza na tisa. Za ndoa zilianza na nne. Halafu alifumba macho, akapapasa kibodi, akaandika namba, na wimbo ukaanza.

"Mbona umefumba macho?"

"Nasikiliza vizuri zaidi hivi. Jaribu."

Nikajaribu. Ukawa mchezo wetu. Nilifumba macho na kukisia vitufe, nikapata vibaya, naye akanishika vidole akaviweka mahali pake. "Kwenye efu kuna kijinundu. Kwenye jei pia. Ukivipata hivyo viwili hupotei."

Mimi niliuelewa mpango mzima. Mtihani wa darasa la nne ulikuwa unakuja, na mwalimu wangu alikuwa amemwambia Mama kwamba ninasoma kama ninayepanda mlima. Kwa hiyo Baba alikuwa amenitungia masomo ya ziada, kwa ujanja, bila kuyaita masomo. Herufi ndogo zile alizichagua makusudi ili zinikomaze macho. Kurudia kule, "nimeandika nini, nisomee," ni njia yake ya kunipima. Niliamini hivyo kwa uhakika ambao sijawahi kuwa nao tena kuhusu jambo lolote. Usomaji wangu kweli ulinyooka. Nilifaulu, nikamkimbilia na karatasi ya matokeo, nikamwekea mikononi. Aliishika juu, akaitazama, akaitikia kwa kichwa. Alikuwa ameishika kichwa chini miguu juu. Nikacheka, nikadhani ananitania.

Kazi ya CD ilipoisha, Deo alikuja akachukua nyimbo zote akazipeleka kituoni. Kwa muda mambo yalikuwa mazuri. Kipindi cha Baba kilikwenda kwa mtiririko mzuri kuliko zamani, hata Mama Suzi alikisifia. Kumbe kila alasiri Baba alimwomba dada wa mapokezi amsomee matangazo ya vifo, akisema miwani ameisahau nyumbani. Alisomewa mara moja au mbili, akayashika kichwani, akaingia studio na karatasi mkononi kama mtu anayesoma.

Siku mambo yalipoharibika, Mama alikuwa anashona sare barazani, mimi nachambua mchele kwenye ungo. Sauti ya Baba ilikuwa inatangaza kifo cha bibi mmoja wa Bujora. Alitaja wanawe, wajukuu, kaka yake aliye Magu, mkwe aliye Geita, akasema mazishi ni kesho mchana nyumbani kwa marehemu. Kisha akanyamaza kwa heshima, kama kawaida, aache wimbo wa maombolezo uingie.

Kilichoingia ni gitaa la kukatikia viuno na mwanamume anayepiga mluzi.

Mguu wa Mama ukasimama kwenye pedali. Wimbo ulikatika ghafla. Kukawa kimya. Baba akasema, "Tunaomba radhi, wasikilizaji." Ukaanza tena wimbo ule ule, mluzi ule ule. Ukakatika. Sasa kimya kikawa kirefu, na ndani yake tulisikia vitufe vikigongwa, haraka haraka, na pumzi za mtu.

"Baba Koku," Mama aliiambia redio. "Baba Koku, nini?"

Gitaa lilirudi mara ya tatu. Halafu sauti ya Deo, isiyozoea kipaza sauti, ikasema kuna hitilafu ya mitambo, na baada ya hapo ni ukimya mtupu uliodumu mpaka Mama akainuka akazima. Aliketi tena kwenye cherehani lakini hakushona. Niliendelea kuokota vijiwe kwenye mchele ambao tayari ulikuwa safi.

Walifika jua halijazama. Deo alikuwa amemshika Baba kiwiko, wakipanda ile njia ya mawe, na nikaona jinsi Baba alivyokuwa anainua mguu juu kupita inavyohitajika kila penye kivuli.

Mama alisimama mlangoni. "Amekunywa, sivyo?"

"Hapana, mama," Deo akasema. Alikuwa analia waziwazi. "Mzee haoni."

Alieleza akiwa amesimama hapo hapo, kofia mkononi. Kituo kilipata kompyuta mpya. Yeye, kwa nia njema, alizihamisha nyimbo zote mwisho wa juma na kuziweka kwenye programu mpya ambayo husafisha majina na kuyapanga kwa alfabeti. Iliona zile namba ni uchafu, ikazifuta zote. Asubuhi alimwambia Baba, "Mzee, nimekusafishia nyimbo zako," na Baba akasema ahsante. Namba ikiandikwa na isipatikane, programu ile haikusema kitu. Ilipiga tu wimbo uliokuwa juu kabisa.

"Si ungeniambia, Mzee?" Deo akasema. "Ningeziacha vile vile."

"Ningekuambia wewe," Baba alijibu, "na wewe ungemwambia nani? Meneja angeniweka siku ngapi?"

 Deo alituaga akaondoka, akisahau kuvaa kofia yake.

Ndani, Baba alikaa kwenye kiti cha kompyuta. Alisema ni presha ya macho. Daktari alimwambia zamani, kabla hata ya kununua kompyuta, kwamba imekwisha kula pembeni na itaendelea kuja katikati, na kwamba dawa za matone zitachelewesha tu. Alisema yote hayo kwa sauti ya kawaida, kama anasoma habari.

"Zamani," Mama alirudia. "Mimi nanusa mashati yako, wewe unajua. Mimi nimekunyima hata kukuangalia, wewe unajua. Mimi ni mke wako au jirani yako?"

"Niliogopa utaanza kunishika mkono barabarani. Watu wangejua."

"Lakini mtoto ulimwambia."

"Sikumwambia mtoto."

Mama alinigeukia. Sitasahau uso ule. "Koku, wewe ulikuwa unajua?"

Nilitikisa kichwa. Nilikuwa nimeanza kuelewa kila kitu kwa mpigo mmoja, jalada moja baada ya jingine, herufi moja baada ya nyingine, hata ile karatasi ya matokeo.

"Nilidhani ananifundisha kusoma," nikasema.

Baba aliinamisha kichwa, akajifunika uso kwa mikono. Mama alitoka nje, na nilimsikia akikaa kwenye mashine, bila kuikanyaga.

Siku iliyofuata ya mapumziko Baba aliniambia nivae viatu, tunakwenda Bujora. Mama alikuwa bado hasemi naye, akatutazama tukitoka. Tulipanda gari mpaka Kisesa, kisha tukatembea, na hapo kwa mara ya kwanza maishani mwangu Baba alinipa mkono nimwongoze. Mkono wake ulikuwa mkubwa na ulikuwa unatoka jasho.

Uani kwa marehemu watu wa matanga walikuwa bado wapo. Kina mama walikuwa wanapika, wanaume wamekaa kwenye viti vya kukodi. Baba aliwaamkia, akataja jina lake. Sauti yake iliwafanya wageuke wote, maana waliijua.

Mwanamume mwenye koti jeusi alikuja. Alikuwa mtoto mkubwa wa marehemu. "Wewe ndiye uliyempigia mama yangu muziki wa kilabuni?"

"Ndiyo. Ni mimi."

"Ndugu zetu wa Magu walisikia. Walidhani tunafanya mzaha. Wengine hawakuja."

Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo niseme ni macho yake, si yeye, ni kompyuta, ni Deo. Baba aliniminya mkono, nikanyamaza.

"Sina cha kujitetea," alisema. "Nimekuja kuomba nimtangaze upya. Hapa hapa, kama mtaniruhusu."

 Yule mwanamume hakukubali wala hakukataa. Baba alivua kofia, akasimama wima, akaanza. Hakuwa na karatasi. Alimtaja marehemu kwa majina yake matatu, akataja kijiji alikozaliwa, akataja wanawe wote kwa mpangilio, wajukuu, kaka wa Magu, mkwe wa Geita, habari ziwafikie ndugu na jamaa wote popote walipo. Ilikuwa ile sauti ya redioni, ya yule mwanamume tajiri niliyemwamini nikiwa mdogo, safari hii inatoka kwenye kifua kilichokuwa karibu na sikio langu, na nilisikia jinsi ilivyokuwa inatetemeka kwa ndani. Kina mama waliacha kukoroga. Alipofika kwenye jina la yule mwenye koti, mtu yule alitazama chini.

Alipomaliza alinyamaza, akangoja kidogo. Kwa mazoea alikuwa anaupa wimbo nafasi ya kuingia. Hakukuwa na wimbo. Akavaa kofia.

"Sawa," yule mwanamume akasema. "Umesikika. Nendeni salama." Hakutoa mkono, wala hatukukaribishwa kukaa.

Njiani nilimuuliza Baba kama ananiona.

"Nakuona ukiwa huku," alisema, akanihamishia kushoto kwake. "Huku bado kuna mwanga kidogo. Kaa huku."

Kituo kilimpumzisha. Meneja alisema maneno mazuri, na hakuna aliyefanya kosa ambalo ningeweza kulikasirikia. Mtu mwingine alichukua saa kumi, na Mama akaacha kuwasha redio. Baba alibaki na kompyuta yetu na nyimbo zake zenye namba, akiandika, akisikiliza, akizima kabla wimbo haujaisha. Watu waliacha kusema ana maringo. Mama Suzi alileta dagaa na kuomba msamaha, na kusema kweli niliyapenda zaidi malalamiko yake ya zamani. Mama hakulia mbele yetu. Alianza tu kuzungumza zaidi kuliko mwanzo. Aliingia chumbani akitangaza kila alichobeba: "Baba Koku, hii ni chai, iko kuliani kwako. Baba Koku, nimehamisha kigoda, nimekirudisha." Mtu aliyekuwa akimnyima mumewe maneno sasa alikuwa anayamwaga siku nzima.

Tulimuuliza mara nyingi anaonaje, naye kila mara alijibu, "Naona naona kidogo." Mwaka ukapita, na mwingine, na jibu likawa lile lile. Siku ambayo mwanga wa kushoto ulizimika hatukuijua. Aliipita peke yake, bila kumwambia mtu.

Asubuhi ya Krismasi moja tulikuwa tumejiandaa kwenda kanisani. Mama alikuwa ameshona gauni jipya la kitenge cha njano, chenye maua makubwa, la kwanza kujishonea mwenyewe kwa miaka mingi. Alitoka chumbani akasimama mbele ya Baba, pale kwenye mwanga wa mlango. Baba alisikia kitambaa kikichakarika, akainua uso akatabasamu.

"Hilo la bluu," alisema, "limekupendeza sana, Mama Koku."

La bluu lilikuwa gauni lake la zamani, lililokuwa limeanza kuchakaa kwapani. Niliangalia sakafu. Mama alisimama pale, mikono imeshika pindo la gauni, kwa muda ambao kengele ya kanisa ilipiga ikaacha.

"Asante, mume wangu," akasema.

Akarudi chumbani, akafunga mlango. Alipotoka alikuwa amevaa la bluu. Alimshika Baba mkono, tukaondoka kwenda kanisani.